Maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu kujenga gari ndogo ya bei nafuu na kukimbia nayo dragi

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa Dar, saivi naishi Texas, na kila Jumamosi nikitoka uwanjani simu inajaa maswali, wengine wako Dar, wengine Nairobi, wengine wako hapahapa Marekani wanapiga kazi wiki nzima na wikendi hawana pa kwenda. Maswali mengi ni yaleyale kwaiyo nimeyakusanya. Gari yangu ni Honda Civic coupe ya 1998, ile EX, gia za mkono, injini D16Y8 ya lita 1.6 ambayo ilitoka kiwandani na nguvu farasi 127. Ndo hiyohiyo mpaka leo, na nimeshinda nayo raundi dhidi ya magari yenye nguvu mara nne yake. Inawezekanaje, utaona huko chini.

Dragi ni nini hasa, tofauti yake na rali tuliyoizoea ni ipi?

Rali ni vumbi na kona, una msoma ramani pembeni, unashindana na saa ukiwa peke yako msituni. Dragi ni barabara moja iliyonyooka, leni mbili, gari mbili zimesimama, taa ikiwaka kijani mnaondoka, na kwenye shindano aliyeshindwa raundi anapakia vitu vyake anarudi nyumbani. Umbali wa asili ni robo maili, yaani mita 402, ila viwanja vingi vidogo huku Texas ni nusu ya hiyo, mita 201, na kwa gari ya bajeti hiyo nusu inatosha sana kwasababu injini haiteswi muda mrefu na ukivuka laini una nafasi ya kutosha ya kufunga breki. Chama kikubwa cha mchezo huu huku ni NHRA, Wally Parks alikianzisha 1951 kule California, kipindi ambacho vijana walikuwa wanakimbizana barabarani na watu wanakufa, akataka wapate sehemu yao yenye sheria na usimamizi.

Sasa gari ndogo inaingiaje huko, si ni mambo ya Mustang na Camaro?

Ndivyo walivyokuwa wakiambiwa vijana wa kusini mwa California walipoanza kuja viwanjani na Civic na CRX. 1990 jamaa mmoja anaitwa Frank Choi akaanzisha mashindano ya Battle of the Imports, gari za Kijapani zikapata siku yao, na kufika 2001 NHRA wenyewe wakawa na mfululizo mzima wa mashindano ya gari ndogo. Siri iko kwenye uzito. Civic yangu nikiwa ndani na mafuta kidogo kwenye tenki ni kama kilo 1,200, gari kubwa za Kimarekani zinazidi hapo kwa kilo mia nne, mia tano. Gari nyepesi haihitaji nguvu nyingi, haili matairi, haivunji vitu hovyo, na spea zake ziko kila yadi ya magari mabovu.

Ninunue gari gani?

Kama uko huku, mimi nasema Civic ya 1996 mpaka 2000, coupe au sedani, usihangaike na ile hatchback ya 1992 mpaka 1995 ambayo kila mtu anaitaka, bei yake ilishapanda na nyingi zimeshachezewa na watu watano kabla yako. Corolla inafaa, Neon inafaa, Cobalt inafaa. Automatiki nayo inafaa tena sana, watu wanaidharau lakini kwenye mashindano ya namba (nitaeleza) automatiki inarudia muda uleule kila safari bila mguu wako kuharibu kitu.

Kwa walioko nyumbani, ukipata Toyota Starlet yenye injini ya 4E-FTE, yaani GT au ile Glanza V, hiyo inatoka kiwandani na tabo (ile inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) na farasi 135 kwenye gari nyepesi kuliko hata yangu, ishike usiiachie. Vitz RS yenye injini ya 1NZ ya lita 1.5 ni ya pili kwangu, na spea zake hutahangaika, ukishuka pale mtaa wa Gerezani, Dar, unapata kila kitu.

Ukienda kuangalia gari usiende na macho ya rangi na rimu. Nenda na geji ya kupima kompresheni, silinda zote nne zisipishane sana. Ikiwa barabarani weka gia ya pili kwa haraka mshale wa RPM (mizunguko ya injini) ukiwa juu, ikilia krrr ujue singinaizi, ile inayolainisha gia kuingia, imekwisha. Angalia kutu kwenye matao ya nyuma na pale jeki inapokaa. Fungua mfuniko wa oili, ukiona maziwamaziwa ondoka. Na karatasi za umiliki ziwe safi, nimeona mtu kajenga gari miezi minane halafu ikaja kujulikana haikuwa ya yule aliyemuuzia.

Hela kiasi gani inahitajika?

Yangu niliinunua dola 2,400, iligongwa kidogo ubavuni ila inatembea vizuri. Kabla ya kuikimbiza nilimaliza vitu vya kawaida: klachi, bushi za wishboni, injini mauntingi, plagi, waya za plagi, oili ya gia boksi, pedi za breki. Hapo nilifika kama 3,300 kwasababu kazi nilifanya mwenyewe nje ya apatimenti kwa jeki na stendi mbili. Halafu helmeti, halafu matairi mawili ya mbele. Kwenye 4,000 nikawa nimeshaingia uwanjani na nashindana.

Mpangilio wangu wa matumizi ni huu na sijaubadilisha: kwanza gari iwe nzima, pili usalama, tatu matairi, nne kiingilio cha uwanjani mara nyingi uwezavyo, nguvu ya injini mwisho kabisa. Watu wengi wanaanza na huo mwisho. Dola 600 ya tabo ya bei chee ni safari 20 za uwanjani mimi nikilipa dola 30 usiku mmoja, na kila usiku unapata kukimbia mara tano, sita. Mtu aliyekimbia mara mia na gari ya farasi 127 anamwacha pale mwenye farasi 250 aliyekimbia mara tatu, hili nimeliona kwa macho yangu sio mara moja.

Hapana lakini, si nifunge tu tabo nimalize?

Hili ndo swali namba moja aisee kwaiyo ngoja nilijibu kwa upana. D16 ya kawaida konrodi zake (vyuma vinavyoshika pistoni) ni nyembamba, ukiisukumia hewa bila kumpata mtu anayejua kupanga mafuta na muda wa cheche itatoboa bloku, na ukifanikiwa isitoboe basi matairi ya kawaida yatazunguka bure gia ya kwanza yote na ya pili nusu, moshi mwingi, muda uleule. Gari inayovuta mbele ina tatizo la maumbile: ukiondoka kwa nguvu uzito unarudi nyuma, pua inanyanyuka, na matairi yanayofanya kazi ni yaleyale yanayopunguziwa uzito. Yaani kadri unavyoongeza nguvu ndivyo unavyohitaji mshiko ambao huna.

Kwaiyo mchezo wote uko mwanzoni, futi 60 za kwanza, kama mita 18. Kanuni ya wazee wa uwanjani ni kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa kwenye futi 60, mwisho wa robo maili unavuna karibu moja na nusu mpaka mbili. Hakuna inteki wala sailensa itakayokupa hiyo kwa bei ya tairi mbili.

Ile karatasi unayopewa mwisho inasomwaje?

Hii naipenda. Ukirudi kutoka mwisho wa leni unapita kwenye kibanda dirishani unapewa slipu, kakaratasi kama risiti ya dukani, na kama huisomi basi umekimbia bure. Ninazo zote tangu siku ya kwanza, ziko kwenye boksi la viatu. Nachukua mbili.

Ya kwanza, matairi ya kawaida ya mtaani: R/T (muda wa kuitikia taa) .214, futi 60 sekunde 2.48, nusu ya robo maili 10.71, mwendo maili 65.8 kwa saa.

Ya pili, wiki tatu baadae, injini haijaguswa, nimefunga tu semi-sliki (tairi laini za mashindano zenye mistari michache) za 205/50 inchi 15 mbele na bushi mpya: R/T .131, futi 60 sekunde 2.19, mwisho 10.33, mwendo 66.1.

Angalia huo mwendo wa mwisho. Umeongezeka vipointi vitatu tu, maana yake injini ina nguvu ileile. Lakini muda umeshuka karibu sekunde 0.4, na karibu yote imetoka kwenye futi 60 za kwanza. Ndo namna ya kusoma: mwendo wa mwisho unakwambia habari za injini, futi 60 inakwambia habari za matairi na mguu wako. Mwendo ukishuka ghafla wakati hali ya hewa ni ileile, kuna kitu kinaumwa kwenye injini. Futi 60 ikishuka na kupanda kila safari, tatizo ni wewe, usinunue kitu chochote kwanza.

R/T ni muda wa wewe kuitikia taa, na hauingii kwenye muda wa gari. Saa ya gari inaanza tairi lako la mbele likitoka kwenye mwale wa mwanga wa kuanzia, hata ukilala pale sekunde tano baada ya kijani muda wa gari utakuwa uleule, ila utashindwa.

Mnaondokaje bila kuteleza?

Nitaeleza ninavyofanya mimi, gari ya mbele, gia za mkono, hamna laki kwenye difu, yaani ile inayofanya tairi zote mbili zivute pamoja.

Upepo kwanza. Mbele nashusha mpaka PSI 24 kwa hizo semi-sliki, nyuma napandisha mpaka 40 ili zizunguke laini na mgongo usikae chini. Nyuma nimefunga shokapu ngumu, maana unachotaka ni matako ya gari yasizame pale unapoachia klachi.

Kabla ya laini kuna kadimbwi ka maji ambako wenye sliki (tairi zisizo na mistari) wanachoma tairi. Kama tairi zako zina mistari usipite kwenye maji, zunguka pembeni, maana maji yanakaa kwenye mistari halafu unayamwaga palepale unapoondokea, na aliyeko nyuma yako anakuta umemlowanishia leni. Vuta breki ya mkono, zungusha tairi za mbele sekunde mbili kavu, zitoke mchanga na zipate joto, basi inatosha.

Laini nayo: mguu wa kushoto klachi, mshale nashika kama 4,000. Ikiwaka ile njano ya tatu (taa nazieleza hapo chini) naachia klachi mpaka inaposhika, siiachii yote, naihisi kwenye kidole gumba cha mguu, gari inakaza kama mtu anayevuta kamba, halafu naimalizia wakati mafuta naongeza taratibu, yaani mguu wa kulia haukimbii sakafuni mpaka gari imeshatembea urefu wake. Ukisikia tairi zinalia kidogo kama mbwa anayelalamika kwa mbali hapo ndo penyewe. Ukisikia zinapiga kelele umeshapoteza. Na ukihisi pua inadundadunda ghafla, du du du, toa mguu kwenye mafuta hapohapo, usishindane nayo, hiyo ndo inavunja sivi joint (viungo vya shafti za tairi) na gia boksi, na chanzo chake mara nyingi ni bushi na mauntingi zilizochoka.

Taa zinaendaje? Naogopa kuaibika siku ya kwanza.

Usiogope, kila mtu uwanjani anapenda mgeni, mwambie tu yule anayepanga magari kwamba ni mara yako ya kwanza, atakuongoza kwa mikono.

Ule mti wa taa, wenyewe wanauita mti wa Krismasi, ulianza kutumika 1963. Juu kuna vitaa viwili. Cha kwanza kinawaka ukikaribia, cha pili kinawaka tairi likiwa kwenye mwale wa kuanzia. Sogea taratibu mno mpaka hicho cha pili kiwake tu, simama hapohapo, usisogee tena. Ukisimama mwanzoni mwa mwale unapata hatua kidogo ya kujirusha kabla saa haijaanza na muda wako unakuwa mzuri zaidi. Ukizama ndani unaitikia taa haraka ila muda wa gari unakuwa mrefu.

Mkishapanga wote wawili zinashuka njano tatu, zinapishana nusu sekunde, halafu kijani. Usisubiri kijani. Macho yako yakiona kijani mpaka mguu utoke na gari isogee umeshachelewa, ndomana tunaondoka na njano ya tatu. Ukiwahi sana inawaka nyekundu na umeshindwa. Itikio kamili ni .000, ukiwa mgeni ukipata chini ya .300 furahi, ukifika .060 kila mara wewe ni mtu hatari.

Sasa Civic ya sekunde 10 na kitu inamshindaje mwenye gari ya sekunde 7?

Hapa ndipo nilipopenda mchezo huu moja kwa moja. Kuna mashindano ya namba, kila mtu anaandika kwenye kioo muda anaoamini gari yake itakimbia, tunaandika kwa ile rangi nyeupe ya viatu. Aliye taratibu anaondoka mbele kwa tofauti ya namba hizo mbili, wa kwanza kufika kashinda, ila ukikimbia kuliko ulichoandika umejiondoa, hiyo wanaita brekauti.

Raundi yangu moja ambayo siisahau: mimi nimeandika 10.35, mwenzangu ana Camaro ya kisawasawa, kajengewa keji (fremu ya vyuma vya kinga) ndani, kaandika 6.95. Mimi naondoka yeye amesimama, nasubiriwa sekunde 3.40 nzima, namsikia nyuma yangu anaunguruma, halafu anaachiwa. Ndani ya gari sauti yake inakuja kama lori linalokufuata darajani. Niliitikia .062 nikakimbia 10.38, yaani nimepoteza jumla .092. Yeye aliitikia .031, bora kuliko mimi mara mbili, ila gari yake ilizungusha tairi kidogo ikakimbia 7.03, jumla .111. Nimemshinda kwa .019. Kwa mwendo aliokuja nao hiyo ni chini ya mita moja, pua yake ilikuwa imefika usawa wa tairi langu la mbele. Jamaa alikuja kunipa mkono kabla sijavua helmeti, mzee wa miaka sitini hivi, akaniuliza ndani kuna injini gani, nikafungua boneti akatikisa kichwa akacheka kwa furaha.

Hapo nguvu haikuwa na kazi. Iliyonipa raundi ni gari inayorudia muda uleule, na dereva anayeijua gari yake.

Wanakagua nini kabla hujaingia?

Betri iwe imefungwa kwa bolti, sio kamba ya mpira. Nati zote za tairi ziwepo. Kuwe na chombo cha kupokea maji ya rejeta yakifurika. Isivuje tone lolote. Mkanda uwe mzima. Suruali ndefu na viatu vya kufunika, ndala na kaptula hutapita. Viwanja vingi hawataki kulanti kabisa, maji matupu, kwasababu kulanti ikimwagika kwenye leni inateleza kama sabuni na usiku wa watu wote unasimama.

Kwa sheria za NHRA helmeti inaanza kuwa lazima ukikimbia robo maili kwa sekunde 13.99 au haraka zaidi. Mimi nakwambia vaa hata ukiwa na sekunde 18, na ununue yenye stika ya Snell (wale wanaopima usalama wa helmeti), usinunue ya urembo. Gari ya kawaida ikifika 11.49 unatakiwa rolibaa (chuma cha kinga) nyuma ya kiti, ikivuka 10 kwenda chini ni keji nzima, ila gari za kiwandani za 2008 na kuendelea zimelegezewa kidogo, na ukiingia sekunde 9 unatakiwa leseni maalum. Ukihamishia betri kwenye buti lazima uweke swichi ya kukata umeme nyuma ya gari ili waokoaji waifikie. Nayataja haya kwasababu mtu anajenga injini ya farasi 400 halafu anarudishwa nyumbani usiku wa kwanza, na wanaomrudisha wako sahihi kabisa.

Nini kinavunjika sana?

Sivi joint za nje, klachi, na bushi za fimbo ya gia. Hiyo ya mwisho inaonekana ndogo ila ndo iliyoniumiza. Fimbo yangu ilikuwa inachezacheza, nikasema ntabadilisha wiki ijayo, bushi zenyewe hazifiki dola 30. Usiku ule natoka gia ya pili kwenda ya tatu, kama maili 60 kwa saa, mkono ukaisukuma fimbo ikaingia ya kwanza na nikaachia klachi. Fanya hesabu: mwendo ule gia ya kwanza inaipeleka injini karibu RPM 12,000, wakati mstari mwekundu ni 6,800. Hamna kompyuta inayoweza kuzuia hilo, matairi ndo yanaizungusha injini. Sauti yake siwezi kuiandika. Valvu zilikutana na pistoni, nikavutwa na gari ya uwanja mpaka kwenye maegesho, mwezi na nusu sikukimbia. Badilisha hizo bushi siku unayonunua gari.

Kupunguza uzito kunasaidia?

Sana, na ni bure. Kila kilo 45 ni kama sekunde 0.1 kwenye robo maili. Toa tairi la spea, jeki, kiti cha nyuma, makorokoro ya buti, ingia na robo tenki. Ila kwenye gari inayovuta mbele toa nyuma zaidi, mbele paache uzito wake ukandamize matairi. Usitoe mkanda, usitoe breki za nyuma, usitoe vyuma vya kinga vya milangoni, nimeviona vyote vimetolewa.

Nikitaka nguvu baadae?

Injini nyingine kutoka yadi ni salama kuliko kuilazimisha ndogo. B18B ya Integra inakupa farasi 140 na mvuto mzuri chini, B16 ya Civic Si ya 1999 na 2000 inakupa 160 ila inataka kuzungushwa juu, K20 ya RSX Type S inakupa 200 na ni injini tamu mno lakini mauntingi, waya na kontroli boksi yake vitakula hela kuliko injini yenyewe. Difu yenye laki weka kabla ya hizo zote.

Niko Nairobi, gari yangu inaonekana nzito kuliko za kwenye video, kwanini?

Hewa. Nairobi iko mita 1,795 juu, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300, kwaiyo hapo umeshapoteza kama asilimia 17 kabla hujawasha. Kulikuwa na uwanja maarufu Colorado, Bandimere, uliofungwa baada ya msimu wa 2023, mwinuko wake ulikuwa karibu sawa na Nairobi, na NHRA walikuwa na hesabu maalum ya kurekebisha muda pale. Yenye tabo inaumia kidogo tu, ndomana Starlet GT inang'ara sana milimani. Dar uko usawa wa bahari ila joto na unyevu vinakula vyao. Hata hapa Texas, Januari usiku gari yangu inapata muda ambao Agosti siuoni, kwaiyo linganisha slipu za siku zinazofanana.

Huku kwetu hamna uwanja, tukimbie wapi?

Naomba mnisikilize kwa hili. Sio Bagamoyo Road saa nane usiku, sio Thika Road, sio popote penye bodaboda, mtu anayevuka na mama mwenye meza ya samaki pembeni. Huku Texas kukimbizana barabarani ni kosa la jinai, unaweza kufungwa na gari ikachukuliwa, lakini hata pasingekuwa na sheria, dragi ya barabarani haina ukuta, haina ambulansi, haina mtu wa zimamoto, na haikupi hata slipu ya kujifunzia.

Kinachowezekana: tafuteni klabu ya mchezo wa magari iliyosajiliwa katika nchi yenu, nendeni kama kundi, ombeni uwanja mdogo wa ndege usiotumika au eneo la kiwanda lililofungwa, kwa barua, na bima, na ambulansi, na polisi wakijua. Inachosha, ndio. Wakati mnasubiri, mita 18 za kuondokea unaweza kuzifanyia mazoezi kwenye eneo lolote binafsi lililofungwa, lenye ruhusa ya mwenyewe, kwa simu inayorekodi pembeni ya vijiti viwili. Hizo mita 18 ndo zilizonipunguzia mimi sekunde 0.4.

Siku ya kwanza nibebe nini?

Geji ya upepo na pampu ndogo, spana ya toki na soketi ya nati za tairi, oili lita moja, maji ya kunywa mengi, tochi ya kichwani, taulo, ile rangi nyeupe ya viatu, na daftari. Kwenye daftari andika kila safari: saa, joto, upepo wa tairi mbele na nyuma, RPM uliyoondokea, kisha gundisha slipu pembeni yake. Fika mapema wakaguzi wakiwa hawana haraka. Safari ya kwanza ondoka polepole kabisa kama unatoka kwenye taa za Magomeni, uone leni, uone pa kufungia breki na pa kutokea. Ya pili ongeza kidogo. Na nati za tairi kaza tena baada ya safari ya pili, zikishapata joto huwa zinalegea.